Namna Nafasi Kati ya Noti Zinavyoamsha Hisia: Mwongozo Kamili kwa Watunzi na Waimbaji

Noti moja ikipigwa peke yake haisemi mengi juu ya furaha wala huzuni. Hisia huanza kujitokeza noti ya pili inapofika, kwa kuwa hapo ndipo sikio linapopata kitu cha kulinganisha: sauti imepanda au imeshuka, imekwenda mbali au karibu, imepatana na ile ya kwanza au imegongana nayo. Umbali huo wa kimo kati ya noti mbili ndio unaoitwa nafasi katika mwongozo huu, na lengo ni kumwezesha msomaji kuzitambua nafasi kwa sikio, kuelewa kwa nini kila moja inagusa moyo kwa namna yake, na hatimaye kuzitumia kwa makusudi anapotunga au anapoimba.

Yapo majedwali mengi yanayomwambia mwanafunzi kwamba tatu kubwa ni furaha, tatu ndogo ni huzuni, traitoni ni hofu, na oktavu ni utukufu. Majedwali hayo si uongo mtupu, lakini humpotosha mtunzi kwa kuichukulia nafasi kama kidonge chenye dawa iliyokwisha kupimwa, ambacho msikilizaji akimeza atahuzunika apende asipende. Ukweli ni kwamba nafasi yenyewe hubeba mambo mawili tu ya uhakika, yaani kiasi cha mgongano wa sauti na kiasi cha juhudi inayohitajika kutoka noti moja hadi nyingine. Yaliyobaki hutegemea mahali nafasi hiyo inapokaa katika skeli (ngazi ya noti kama do, re, mi), mwelekeo wake, kasi yake, maneno yanayoimbwa juu yake na mazoea ya anayesikiliza. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa msingi huo, na ni vyema zifuatwe kwa mpangilio wake.

Hatua ya kwanza: Andaa ala, skeli na hesabu

Unahitaji ala moja inayoweza kupiga noti mbili kwa pamoja, kama vile kinanda au gitaa, au hata programu ya kinanda kwenye simu, pamoja na sauti yako mwenyewe. Sauti yako ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu anayeimba nafasi huihisi kooni, ilhali anayebonyeza vitufe anaweza kupita noti kumi bila kusikia chochote kilichobadilika.

Kipimo kidogo cha kuhesabia ni nusutoni, yaani hatua kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kile kilicho jirani yake kabisa, kiwe cheupe au cheusi. Oktavu moja, yaani umbali kutoka do hadi do ya juu inayofuata, ina nusutoni 12. Katika skeli ya meja, yaani ile ya kawaida ya do, re, mi, do hadi re ni nusutoni mbili, re hadi mi mbili, mi hadi fa moja, fa hadi so mbili, so hadi la mbili, la hadi ti mbili, na ti hadi do ya juu moja. Kumbuka mahali penye nusutoni moja, yaani mi–fa na ti–do, kwa sababu ndipo mvutano mwingi wa melodi unapotokea.

Majina ya nafasi hupatikana kwa kuhesabu noti za skeli pamoja na zile mbili za mwanzo na mwisho: do hadi mi ni tatu, kwa kuwa zimo do, re na mi. Kwa hesabu ya nusutoni, mbili ndogo ina moja, mbili kubwa ina mbili, tatu ndogo ina tatu, tatu kubwa ina nne, nne kamili ina tano, traitoni ina sita, tano kamili ina saba, sita ndogo ina nane, sita kubwa ina tisa, saba ndogo ina kumi, saba kubwa ina kumi na moja, na oktavu ina kumi na mbili. Hakuna haja ya kukariri orodha hii kwa siku moja. Iweke karibu, nayo itakaa kichwani yenyewe kadiri unavyoimba.

Hatua ya pili: Sikiliza mgongano kabla ya kutafuta hisia

Piga noti ya la yenye masafa ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, ambayo ndiyo kipimo cha kawaida cha kusawazishia ala, pamoja na noti iliyo nusutoni moja juu yake, yenye hezi 466 hivi. Utasikia sauti inatetemeka kwa haraka na kukwaruza sikio. Mtetemo huo hutokana na tofauti ya masafa: mawimbi mawili yaliyokaribiana huimarishana na kudhoofishana kwa zamu, na hapa hufanya hivyo mara 26 hivi kwa sekunde. Mwanasayansi wa Ujerumani Hermann von Helmholtz aliueleza mgongano wa noti kwa njia hii mwaka 1863, na mwaka 1965 Reinier Plomp na Willem Levelt wa Uholanzi wakaonyesha kwa vipimo kwamba mkwaruzo hutegemea jinsi masafa mawili yanavyokaribiana ndani ya uwezo wa sikio kuyatenganisha.

Sasa piga la ileile pamoja na mi iliyo juu yake, ambayo ni tano kamili. Mkwaruzo unatoweka karibu wote. Ili kuelewa sababu, kumbuka kwamba uzi au koo haitoi wimbi moja tu, bali hutoa pia mawimbi madogo yenye masafa mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea. Wimbi la tatu la noti yenye hezi 440 lina hezi 1,320. Wimbi la pili la noti yenye hezi 660 nalo lina hezi 1,320. Noti hizo mbili zinashiriki kitu kimoja, na sikio huzipokea kana kwamba zimekubaliana. Uwiano wa tano kamili ni 3 kwa 2, wa nne kamili ni 4 kwa 3, wa tatu kubwa ni 5 kwa 4, na wa tatu ndogo ni 6 kwa 5. Kadiri tarakimu za uwiano zinavyokuwa ndogo, ndivyo mawimbi yanayoshirikiwa yanavyokuwa mengi na mgongano kupungua.

Fanya jaribio moja zaidi, ambalo walimu wengi hulisahau. Piga tatu kubwa katikati ya kinanda, kisha ipige nafasi hiyohiyo oktavu mbili chini. Ile ya juu inang'aa, ile ya chini inanguruma kama kitu kilichojaa matope, ingawa idadi ya nusutoni ni ileile. Chini kabisa, do ya hezi 65 na mi ya hezi 82 hutofautiana kwa hezi 17 tu, hivyo hukwaruzana kwa namna ambayo zile za katikati hazikwaruzani. Kwa jaribio hili pekee, dai kwamba tatu kubwa ni furaha limekwisha kuyumba.

Hatua ya tatu: Tofautisha noti zinazolia pamoja na zinazofuatana

Mgongano uliousikia ni wa noti zinazolia kwa wakati mmoja. Noti zinapofuatana, mkwaruzo hautokei au hutokea kidogo tu, na hisia hutoka kwenye chanzo kingine, yaani juhudi ya mwili na mazoea ya usemi. Mtu mwenye furaha au hasira huongea kwa sauti inayopanda na kushuka kwa upana. Mtu mwenye huzuni huongea polepole, kwa sauti ya chini isiyotembea sana. Masikio yetu yamezoea kusoma ishara hizo tangu utotoni, na yanaendelea kuzisoma hata pasipo maneno. Ndiyo maana mruko mpana kwenda juu husikika kama msisimko au kilio cha kuomba kitu, na hatua fupi zinazoshuka husikika kama mtu anayekata tamaa au anayetulia.

Zoezi la hatua hii ni rahisi. Chukua kila nafasi uipige kwa namna tatu: noti mbili kwa pamoja, kisha ya chini ikifuatwa na ya juu, kisha ya juu ikifuatwa na ya chini. Andika neno moja kwa kila namna bila kufikiri sana. Wengi hugundua kwamba maneno waliyoandika kwa nafasi moja hayafanani, na kutofanana huko ndiko somo lenyewe.

Hatua ya nne: Pitia nafasi moja baada ya nyingine

Mbili ndogo ndiyo nafasi finyu kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Ikilia kwa pamoja, hukwaruza. Ikipanda kutoka ti kwenda do, humpa msikilizaji hisia ya kufika, kwa kuwa ti huvutwa na do kwa nguvu kuliko noti nyingine yoyote ya skeli. Ikishuka, hasa kutoka noti yenye mkazo kwenda noti laini, huwa mfano wa kupumua kwa uchungu. Watunzi wa Ulaya wa karne ya 17 na ya 18 waliitumia kushuka huko kama alama ya kilio, na pia walikuwa na desturi ya kuweka besi inayoshuka hatua kwa hatua kutoka do hadi so ya chini katika skeli ya maina (ile ambayo mi yake imeshushwa kwa nusutoni moja) kila walipotaka kuomboleza. Imba fa–mi mara kadhaa, ukiikazia fa na kuilegeza mi, nawe utaisikia sababu bila kuelezwa. Kisha irudie mbili ndogo hiyohiyo kwa haraka, juu na chini bila kupumzika, katika noti za chini za kinanda. Kilio kinageuka kuwa tishio.

Mbili kubwa haihitaji maelezo marefu. Ndiyo hatua ya kutembea ya melodi, na kutokuwa na rangi kali ndiyo faida yake, kwa sababu melodi isiyo na hatua za kawaida haina mahali pa kuiangazia mirukio.

Tatu mbili, kubwa na ndogo, ndizo zinazoamua kama kordi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, itaitwa meja au maina, na ndizo zilizobebeshwa mzigo wote wa furaha na huzuni. Mzigo huo una msingi fulani. Mwaka 2010 watafiti Meagan Curtis na Jamshed Bharucha walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba waigizaji waliposema maneno mafupi ya Kiingereza kwa huzuni, kimo cha sauti yao kilielekea kushuka kwa umbali unaokaribia tatu ndogo. Hata hivyo, tatu ndogo si mali ya huzuni. Ndani ya skeli ya meja, so–mi ni tatu ndogo, na ndiyo nafasi ambayo watoto huiimba wanapoitana au kutaniana. Hakuna anayelia hapo. Tatu ndogo huwa na huzuni pale tu inapojengwa juu ya do, yaani pale mi inaposhushwa kwa nusutoni moja na nyumbani kwa skeli, yaani noti ambayo melodi hutulia juu yake, kukabadilika rangi.

Kwa waimbaji wa kwaya lipo jambo la ziada. Nusutoni moja hugawanywa katika senti 100, na tatu kubwa ya kinanda ina senti 400 kamili, lakini tatu kubwa yenye uwiano safi wa 5 kwa 4 ina senti 386 hivi. Maana yake ni kwamba kinanda huipiga mi juu kidogo kuliko inavyotakiwa na mawimbi yenyewe. Kwaya inayoimba bila ala ikiishusha mi kidogo sana katika kordi ya mwisho, kordi hutulia kabisa na kusikika kama sauti moja pana. Ikiipandisha, kordi hung'aa lakini hubaki na wasiwasi. Mwalimu wa kwaya anaweza kuchagua kimojawapo kulingana na maneno ya mwisho ya wimbo. Kwa upande wa tatu ndogo hali ni kinyume: ile safi ina senti 316 hivi, kwa hiyo ya kinanda ni finyu kidogo.

Nne kamili ikipanda kutoka so kwenda do husikika kama wito au amri. Sehemu ya sababu iko katika tarumbeta za zamani zisizo na vali, ambazo hutoa tu mawimbi ya asili ya bomba lake, yaani do, so, do, mi na so kwa kupanda. Askari waliamshwa na kupangwa kwa noti hizo kwa vizazi vingi, na mruko wa so–do ukabaki na harufu ya gwaride. Tano kamili ni tulivu na tupu. Kwa kuwa haina tatu ndani yake, haisemi kama ni meja au maina, na ndiyo maana hufaa pale unapotaka upana na ukimya usioegemea upande wowote. Wapiga gitaa la umeme hutumia tano hizo hizo kwa sababu ileile: ukipitisha kordi yenye tatu kwenye mkwaruzo mkali wa amplifaya, sauti huchafuka, ilhali tano hubaki imara.

Traitoni, yenye nusutoni sita, huigawa oktavu katikati kabisa. Inasimuliwa mara nyingi kwamba kanisa la zama za kati liliipiga marufuku kwa kuiona ni ya shetani. Jina la kishetani lilitumika kweli katika vitabu vya nadharia vya mwanzoni mwa karne ya 18, lakini marufuku yenyewe haina ushahidi wa kuaminika. Kilicho muhimu kwa mtunzi ni kwamba traitoni haitulii. Piga fa na ti kwa pamoja, kisha ipeleke fa kwenye mi na ti kwenye do. Utasikia jinsi sauti mbili zinavyosogea pande tofauti kwa nusutoni moja moja na mvutano kufunguka. Mwendo huo umo ndani ya nyimbo nyingi sana zenye furaha, zikiwemo za dansi na za ibada, bila msikilizaji kuogopa chochote. Traitoni hutisha pale tu inapoachwa bila kufunguliwa, hasa ikiwa polepole na chini. Kwa lugha nyingine, kinachotisha ni kunyimwa jibu.

Sita kubwa na sita ndogo hupendwa sana na waimbaji wa nyimbo za mapenzi. Zote mbili zinapatana, lakini ni pana kiasi cha kuhitaji pumzi, hivyo mruko wa kwenda juu huwa na sauti ya kutamani. Mruko wa so hadi mi ya juu ni sita kubwa, na husikika wazi na wenye matumaini. Mruko wa mi hadi do ya juu ni sita ndogo, nao una uchungu zaidi, hasa melodi ikirudi mara moja kwenye ti badala ya kukaa pale juu. Desturi nzuri ya kutunga ni kurudi nyuma kwa hatua fupi baada ya mruko wa namna hii. Mruko humwonyesha msikilizaji kinachotamaniwa, na hatua ya kushuka humwonyesha kwamba hakijapatikana.

Saba ndogo ina ulegevu fulani wa jazi na blues, na inaweza kubaki bila kufunguliwa pasipo mtu kulalamika. Saba kubwa iko nusutoni moja tu chini ya oktavu, hivyo hukwaruza ikiwa tupu, lakini ukiijaza katikati kwa tatu na tano, yaani do, mi, so na ti, inageuka kuwa kordi laini yenye kumbukumbu. Oktavu yenyewe husikika kama noti ileile iliyopata ukubwa, na mruko wake wa kupanda ni wa kishujaa kwa sababu tu koo limefanya kazi kubwa.

Hatua ya tano: Badilisha nyumba, acha noti zilezile

Hili ndilo zoezi kuu la mwongozo mzima, na anayekosa muda wa mengine alifanye hili. Shikilia do ya chini kwenye kinanda na iendelee kulia. Juu yake imba mi–so–mi, polepole, mara kadhaa. Sauti ni nyepesi, karibu ya mchezo. Sasa, bila kubadilisha hata kidogo noti unazoimba, iachie do na ushikilie mi ya chini badala yake. Subiri kidogo sikio lizoee, kisha imba tena noti zako zilezile. Mwanga umezimika. Kile kilichokuwa noti ya tatu na ya tano ya skeli ya meja sasa kimekuwa noti ya nyumbani na tatu ndogo yake, na wimbo umeingia katika maina. Mwisho, shikilia la ya chini: mi imekuwa tano, so imekuwa saba ndogo, na hisia si ya mchezo wala ya msiba, bali ya jambo lililoachwa wazi.

Nafasi uliyoimba haikubadilika mara zote tatu. Ilikuwa tatu ndogo ya nusutoni tatu, kwa koo lilelile na kasi ileile. Kilichobadilika ni nyumba. Rudia zoezi hili kwa nne kamili: iimbe so–do juu ya do, uisikie inavyofika, kisha iimbe do–fa juu ya do ileile, uisikie inavyobaki imening'inia ikitaka kushukia mi. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza nafasi fulani ina hisia gani ataanza kuuliza nafasi hiyo inatoka wapi na inaelekea wapi, na swali hilo la pili ndilo lenye jibu.

Hatua ya sita: Pima nguvu ya kasi, kimo na mazoea

Kabla ya kuilaumu au kuisifu nafasi, hakikisha si kasi iliyofanya kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba watoto wa miaka mitano hutambua muziki wa furaha na wa huzuni kwa kutegemea kasi, na kwamba ni watoto wa miaka sita hadi minane ndio wanaotumia pia tofauti ya meja na maina. Kasi basi hutangulia. Chukua melodi yoyote ya maina, ipige kwa haraka juu ya mdundo wa kuchezeka, na huzuni itapungua sana au itageuka kuwa ukali wa kusisimua.

Mazoea nayo yana mchango wake. Mwaka 2009 Thomas Fritz na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti kati ya Wamafa wa kaskazini mwa Kamerun, ambao hawakuwa wamezoea muziki wa Magharibi. Walitambua furaha, huzuni na hofu katika vipande vya muziki huo kwa kiwango kinachozidi kubahatisha. Kwa upande mwingine, mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake waliripoti kwamba Watsimane wa Bolivia walizipenda kordi zinazopatana na zinazogongana kwa kiasi kilekile, ingawa mkwaruzo wa sauti wenyewe hawakuupenda, kama watu wengine. Matokeo haya mawili hayapingani. Kasi, kimo na mkwaruzo huvuka mipaka ya jamii kwa urahisi, lakini kuipenda nafasi fulani na kuipa maana hufunzwa na muziki ambao mtu amekua nao. Mtunzi anayewaandikia watu waliokulia kwenye harmonia ya kwaya anaweza kutegemea maana ya tatu kubwa na ndogo. Anayewaandikia wengine aegemee zaidi kasi, upana wa mirukio na kimo.

Hatua ya saba: Tunga sentensi moja kwa namna nne

Chukua neno moja lenye hisia, kwa mfano "nimekungoja". Lina silabi tano, na mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ngo, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili. Nafasi unayotaka isikike iweke inapoingia silabi hiyo, kwa kuwa mruko ukiangukia silabi isiyo na mkazo, neno huvunjika na msikilizaji hushughulika na matamshi badala ya hisia.

Namna ya kwanza, imba do–do–re–mi–re. Kila hatua ni mbili kubwa, na neno linasikika kama taarifa: nimengoja, basi. Namna ya pili, imba do–do–re–so–mi. Mruko wa nne kamili kutoka re kwenda so unaingiza uthabiti, karibu madai. Mwimbaji anajua haki yake. Namna ya tatu, anza chini: so–so–so, kisha mi ya juu na re. Sita kubwa imeingia kwenye ngo, na kushuka kwa hatua moja kwenye ja kunaacha mlango wazi. Hapa kuna tamaa na matumaini kwa pamoja. Namna ya nne, tumia maina: do–do–re, kisha mi iliyoshushwa, kisha re. Hakuna mruko wowote, lakini ngo inashuka kwenda ja kwa mbili ndogo, na ukipiga kordi ya so, ti na re chini yake, mi iliyoshushwa itakwaruzana na re ya kordi kabla ya kuiangukia. Huo ndio uchungu wenyewe, na umepatikana kwa nusutoni moja.

Rekodi namna zote nne kwa kasi moja na sauti moja. Usijaribu kuigiza hisia kwa koo, kwa sababu utakuwa unapima uigizaji wako badala ya nafasi.

Hatua ya nane: Ongeza sauti ya pili kwa mgongano uliopangwa

Melodi ikishakaa vizuri, mgongano wa muda mfupi ndio njia bora ya kuongeza hisia bila kuongeza kelele. Utaratibu wake ni wa zamani na una sehemu tatu. Kwanza, sauti ya pili iimbe fa ndani ya kordi inayoikubali, kama vile fa, la na do. Pili, sauti nyingine zihamie kwenye do na so kwa pigo lenye mkazo, huku sauti ya pili ikiishikilia fa yake, ambayo sasa inagongana na so kwa mbili kubwa na kuinyima kordi tatu yake. Tatu, sauti ya pili ishuke kwenye mi kwa pigo laini, na kordi ikamilike.

Kasoro inayoua mgongano huu mara nyingi ni sauti nyingine, kwa kawaida teno, kuwa tayari inaimba mi wakati fa bado imeshikiliwa. Msikilizaji amekwisha kupewa jibu kabla ya swali kumalizika, na kinachobaki ni mkwaruzo usio na sababu. Iondoe mi kwa sauti zote hadi mwenye fa aifikie. Pia usirundike migongano katika kila kipimo (kundi la mapigo) cha wimbo. Mmoja mwishoni mwa sentensi yenye uzito unatosha, na migongano mitano mfululizo hugeuka kuwa mapambo.

Hatua ya tisa: Wape watu wengine wasikilize

Wachague wasikilizaji wachache wasiojua ulichokusudia. Wape rekodi bila maneno, kwa sauti ya "la" au mluzi, kwa sababu neno "nimekungoja" lenyewe limekwisha kuwaambia wahisi nini. Usiwaulize kama wamesikia huzuni, maana watakubali kwa heshima. Waulize mtu anayeimba anataka nini, au yuko katika hali gani, na uandike majibu yao kama walivyoyasema. Ukiwapa namna mbili kwa wakati mmoja, badilisha mpangilio kwa kila msikilizaji, kwa kuwa melodi ya pili husikika tofauti kutokana na ile iliyoitangulia. Namna ya nne ikija baada ya ya tatu huwa nzito kuliko ikija peke yake.

Majibu yakitofautiana sana, rudi kwenye hatua ya tano kabla ya kubadilisha nafasi yoyote, na uangalie kama nyumba ya skeli inasikika wazi. Mara nyingi dawa ni kuongeza do ndefu ya besi mwanzoni mwa sentensi, na melodi ikaachwa kama ilivyo. Majibu yakikubaliana lakini kinyume cha ulivyokusudia, badilisha kitu kimoja tu, kasi au kimo au nafasi iliyo kwenye silabi yenye mkazo, kisha uwape wasikilizaji wapya, kwa sababu wale wa kwanza watakuwa wamekwisha kuijua melodi na sikio lao halitaamua tena upya.